Mlipuko unajulikana umeshasambaa: tuanze kurekebisha wapi?

mpangaji_afya: Wadau, ripoti za wiki kutoka vituoni zinafika karibu zote, lakini mlipuko tunaujua ukiwa umeshashika vijiji kadhaa. Hela ni kidogo. Iende kwanza maabara, mafunzo au mfumo wa kompyuta?

Rejesta: Usinunue kitu bado. Chukua milipuko mitano ya mwisho, kwa kila mmoja andika tarehe nne: ulipoanza, ulipogunduliwa, taarifa ilipotolewa, hatua za awali zilipokamilika. Pima kwa 7-1-7: siku 7 kugundua, 1 kutoa taarifa, 7 kukamilisha hatua hizo. Palipozidi ndipo hela iende. Halafu ripoti kufika zote si hoja. Kituo kikileta sifuri (hakuna mgonjwa) wiki kumi mfululizo, linganisha na rejesta ya wagonjwa wa nje. Huenda fomu inajazwa bila rejesta kufunguliwa.

mteknolojia_maabara: Nakubaliana, ila kabla hujalaumu maabara angalia usafiri. Mashine ipo, sampuli imelala kituoni siku tatu ikisubiri gari! Kwa anayeshukiwa kipindupindu, chukua kinyesi kabla hajaanza antibayotiki. Zamisha kijiti cha pamba chenye kinyesi hicho mpaka chini kwenye chupa ya Cary-Blair (ute wa kutunza vijidudu hai safarini), vunja kinachobaki nje, kaza kifuniko. Haihitaji barafu, na usiigandishe. Chupa iingie kwenye chombo cha pili kisichovuja chenye kitu cha kufyonza, kisha kasha gumu. Fomu ikae nje ya chombo cha pili. Wengi huivingirisha kwenye chupa. Ikivuja, jina halisomeki na sampuli inatupwa.

mpangaji_afya: Na gari lisipokuwepo?

Rejesta: Mkataba na pikipiki, na fungu la mafuta lenye idhini tayari. Kama kila safari inasubiri saini ya makao makuu, ile siku 1 sahau.

stoo_kuu: Msisahau klorini. Ya unga ya 70%: gramu 7 kwa lita moja ya maji hutoa 0.5%, ya sakafu na vyombo. Sehemu moja ya hiyo kwa tisa za maji ni 0.05%, ya mikono. Tengeneza upya kila siku, weka kivulini, na osha uchafu kwanza maana unaimaliza nguvu. Ndoo ziandikwe kwa rangi tofauti, la sivyo watu watanawa ile ya sakafu.