Tupeane uzoefu: msemo wa Kiingereza uliokuponza kwenye barua

Wakuu, salaam. Wengi wetu tunaandika Kiingereza kazini huku kichwani tunawaza Kiswahili. Tuambiane ni msemo gani ulikuponza. Naanza mimi.

Natoa mizigo bandarini Dar es Salaam. Mteja aliuliza kontena lake litafika lini yadi. Nikamjibu: "It will be in our yard until Monday." Nilimaanisha mpaka Jumatatu litakuwa limeshafika. Yeye akaelewa kwamba lipo tayari na litakaa pale hadi Jumatatu, akatuma lori Ijumaa. Lori likalala nje ya geti siku tatu, na gharama za kulilaza tukalipa sisi. Iliniuma sana, maana sarufi yote ilikuwa sawa. Kilichoniponza ni "mpaka" yetu, inayofanya kazi mbili. Jambo likiendelea halafu likakoma, ni "until". Ikiwa ni siku ya mwisho ya jambo kutimia, ni "by".

Karani wa Mombasa: Pole sana mkuu. Mimi ni "I look forward to hear from you", nimeiandika miaka. Sahihi ni "hearing". Bosi mmoja alinionyesha kipimo: jaribu kuweka "your reply" baada ya "to". Ikikaa vizuri, kitenzi kitakachofuata hapo lazima kiishie na "-ing".

Mama Wawili: Binti yangu aliandika kwenye insha "borrow me your book". Nikakaa naye, tukaona kosa linatoka nyumbani. Tunasema "niazime kitabu" kwa anayetoa, na "nimeazima" kwa aliyepokea, neno lilelile. Kiingereza kimeyatenga: "lend" ni kumpa mtu, "borrow" ni kuchukua kwake.

Mchambua Maombi: Ninaposoma maombi ya kazi, nakutana sana na "Am writing to apply". Naelewa inakotoka, "ni" yetu imo ndani ya "ninaandika", basi mtu anaona "am" inatosha. Haitoshi jamani, andika "I am". Inasikitisha kuona kijana mwenye vyeti vizuri anaanza barua hivyo.

Karani wa Mombasa: Na kufunga barua je? Nachanganya "faithfully" na "sincerely".

Mchambua Maombi: Ukianza "Dear Sir or Madam", funga "Yours faithfully". Ukimtaja kwa jina, "Yours sincerely". Huo ni utaratibu wa Waingereza. Wamarekani wengi huandika "Sincerely" tu.