Nipime vipi matumaini ya biashara jijini Tanga kabla sijakopa?

Muuza Bati, Ngamiani

Assalaam aleikum, na salamu kwenu nyote. Nina duka la vifaa vya ujenzi Ngamiani, nauza bati, misumari, nondo na saruji, na huu ni mwaka wa tisa bila kukopa zaidi ya milioni 10. Mwezi uliopita dalali ameniletea habari ya fremu mbili zinazopakana, upande wa Kange karibu na stendi, ambazo mwenyewe anataka kodi ya mwaka mzima mbele, na mpangaji anayetoka anadai kilemba chake. Nikijumlisha kodi, kilemba na mzigo wa kuanzia napata milioni 40, na benki imenitajia riba ya asilimia 18 kwa mwaka, marejesho ya miaka mitatu.

Kila ninayemwomba ushauri hunijibu kwa maneno mawili, bomba (la mafuta ghafi kutoka Uganda) na bandari, kisha hunitazama kama mtu anayechelewa basi. Daftari langu la mali kauli linasema jambo jingine. Mafundi waliokuwa wakichukua saruji Jumatatu na kulipa Jumamosi sasa hulipa baada ya wiki tatu, na wawili kati yao wamebadili njia ili wasipite mbele ya duka. Mauzo yangu kwa hesabu ya mifuko yamepanda kuliko mwaka jana, ila fedha inayoingia mezani imepungua. Naomba mnieleze, kwa uchumi wa jiji hili, ni dalili ipi ya kuaminiwa kati ya hizo mbili?

Mtakwimu Mstaafu, Raskazone

Ndugu yangu, swali lako lina kipimo chake, na wala si kigumu. Wanaopima matumaini ya wafanyabiashara duniani huwauliza wenye biashara kama mauzo, oda, ajira au bei zimepanda, zimebaki palepale au zimeshuka. Huchukua asilimia ya waliosema zimepanda, wakaongeza nusu ya asilimia ya waliosema zimebaki palepale. Jibu likiwa juu ya 50, hali inatanuka. Likiwa chini ya hapo, inasinyaa. Kwa mfano, katika wafanyabiashara 20, tisa wakisema zimepanda, sita zilezile na watano zimeshuka, unapata 45 na 15, yaani 60.

Takwimu za nchi nzima hazitakusaidia sana kuamua fremu ya Kange. Benki Kuu ilishusha riba yake kutoka asilimia 6 hadi 5.75 Julai 2025, lakini sioni kwamba 18 yako ilitetereka kwa hilo. Chukua kalamu mwenyewe, pita kwa watu 20 ambao si wauza vifaa vya ujenzi peke yao: muuza vitenge, mwenye mgahawa, wakala wa fedha za simu, mwenye kinu. Waulize mambo matatu, nayo ni mauzo ya miezi mitatu iliyopita, kasi ya wateja kulipa madeni, na wanavyoutazamia mwaka ujao. Usiyachanganye majibu hayo. Swali la mwaka ujao karibu kila mahali hutoa namba kubwa kuliko la sasa, kwa kuwa mtu asiye na matumaini alikwishafunga duka na hayupo kukujibu. Mimi ningelitegemea zaidi swali la madeni, kwa sababu la kwanza mtu hulijibu kwa haya na la tatu kwa dua, bali la madeni hulijibu kwa daftari.

Jambo moja la hesabu. Milioni 40 kwa asilimia 18 kwa miezi 36, hata riba ikitozwa kwenye salio linalopungua, ni rejesho la takribani shilingi 1,446,000 kila mwezi. Ikiwa faida yako kwa mfuko wa saruji ni shilingi 500, basi mifuko karibu 2,900 ya kila mwezi ni ya benki kabla hujanunua hata unga wa nyumbani. Na anayeweza kungoja ana pa kuweka fedha: hatifungani ya kijani (hati ya kuikopesha taasisi kwa miradi ya mazingira) ya Mamlaka ya Maji Tanga, iliyouzwa mwaka 2024 kutafuta shilingi bilioni 53.12, inalipa asilimia 13.5 kwa miaka kumi. Duka lisiloweza kuishinda namba hiyo linakupa jasho tu.

Wakala wa Forodha, Chumbageni

Naomba niitetee bandari kidogo, kwa kuwa ndiyo inayonilisha. Wengi wanaitaja bila kujua kilichobadilika. Zamani meli ilitia nanga umbali wa kilomita 1.7 kutoka gatini, mzigo ukashushwa kwenye matishari, matishari yakavutwa hadi nchi kavu, ukashushwa tena. Kila shehena ilishikwa mara mbili, na kila mshiko una gharama na siku zake. Mwagizaji wa Arusha akapiga hesabu na kwenda Mombasa au Dar es Salaam. Baada ya mradi wa shilingi bilioni 429.1, gati la mita 450 lina kina cha mita 13, na meli inafunga kamba hapohapo. Kazi hiyo haiishi mkandarasi anapoondoka, na hapo ndipo bandari inapotofautiana na bomba.

Hata hivyo nisikudanganye. Sisi watu wa Tanga tunajisifu kwa msemo wa waja leo waondoka leo, tukimkejeli mgeni ambaye hunogewa na mahaba akabaki, lakini kontena halina mahaba ya kulizuia: linashuka, linalipiwa, linapakiwa kwenye lori, na jioni limeshapita Segera. Kinachobaki mjini ni ujira wa makuli, ada za mawakala kama mimi, mafuta, matairi, chakula cha madereva na kodi za vyumba. Hao ndio wateja wa kuwahesabu. Kuli hanunui bati 60 kwa mkupuo. Hununua nne mwezi huu na tatu mwezi ujao, tena kwa fedha taslimu.

Mama Mpangishaji, Sahare

Mwanangu, habari za bomba niulize mimi. Jiwe lake la msingi kule Chongoleani liliwekwa Agosti 2017, marais wawili wakiwapo, na mwaka uliofuata nikakopa nikamalizia vyumba vinane vya wageni. Wawekezaji walitoa uamuzi wao wa mwisho Februari 2022. Habari haikuwa ya uongo, na mradi ni mkubwa kweli, kilomita 1,443 kutoka Hoima; ila benki haikuwa tayari kungoja nami. Niliuza kiwanja cha Pongwe ili ninusuru nyumba. Vyumba vilikuja kujaa, alhamdulillahi, na sasa najiuliza vitajazwa na nani wachomeleaji wakishaondoka, maana bomba likianza kusukuma mafuta halihitaji watu wengi wa kulilinda.

Mtoto wa Karani, Makorora

Marehemu baba alikuwa karani katika shamba la mkonge, naye alikuwa akisimulia mwaka 1964, nchi ilipozalisha takribani tani 230,000, kama mtu anavyosimulia harusi yake. Kisha nyuzi za viwandani zikaiporomosha bei. Wenye maduka walioumia zaidi mjini, kwa maneno yake, ni wale waliokopesha kwa kutegemea mshahara wa shamba moja. Tazama mafundi wako wanaodaiwa wanafanya kazi kwa nani.

Muuza Bati, Ngamiani

Nawashukuru sana. Nimechukua siku nne kuzunguka kuanzia Ngamiani hadi Kange, nimeuliza watu 20. Mauzo: 11 yamepanda, watano palepale, wanne yameshuka, yaani 67.5. Mwaka ujao: 15 wanatarajia kupanda, wanne palepale, mmoja kushuka, yaani 85. Kasi ya kulipa madeni: wawili wamesema inaongezeka, sita ileile, 12 inapungua, nayo ni 25. Nimeirudia hesabu hiyo mara tatu nikidhani nimekosea.

Nimefuata pia neno la ndugu wa Makorora. Kati ya mafundi 14 wanaodaiwa, tisa wanamtegemea mkandarasi mdogo mmoja, ambaye naye anangoja kulipwa na aliye juu yake. Nao walikuwa wakiniambia wana kazi nyingi, na kweli wanazo.

Nimeongea na mwenye fremu, amekubali moja, kodi ya miezi sita. Nitaweka mzigo wa milioni 12 kutoka kwenye akiba, bati na misumari zaidi kuliko saruji, na pale Kange hapatakuwa na daftari la mali kauli. Benki nimeiomba isubiri hadi nitakapokusanya majibu ya watu walewale 20 baada ya miezi mitatu. Fremu ya pili imechukuliwa jana na muuza simu, amelipa mwaka mzima bila kuuliza.