Tuta letu la kifusi mlilifagia kwa siku moja, barua yetu ina miezi 19

Wakuu, habari za jioni. Naandika nikiwa na hasira, kwa hiyo mtanivumilia. Kata sitaji, halmashauri sitaji, maana humu kuna watu wananijua na nina kiduka kinachohitaji leseni kila mwaka. Jueni tu ni huku pembezoni mwa Dar, sehemu ambazo miaka sita nyuma masika ikianza unashuka kwenye daladala viatu mkononi.

Lami tuliililia wenyewe. Ilipokuja kina mama walipiga vigelegele, mgeni rasmi akakata utepe, tukala pilau. Hakuna aliyeuliza watoto watavukia wapi. Enzi za vumbi hata dereva mwehu alitembea taratibu, maana akizidisha anavunja springi. Shimo ndilo lilikuwa trafiki wetu. Lami ikaliondoa shimo, na trafiki hatukuletewa. Kuna zebra ilipakwa siku mbili kabla ya sherehe. Mvua za masika ya kwanza ziliondoka nayo. Leo ukitaka kuiona lazima uinamishe kichwa upande jua linapotokea.

Jumatano iliyopita nilikuwa nafungua duka, saa 12 na kama dakika 20 asubuhi, bado kiza kiza. Watoto wako pembeni ya barabara, mnawajua wa shule zetu: begi mgongoni, fagio la chelewa mkono huu, kidumu cha maji mkono ule. Mkubwa wao, wa darasa la sita hivi, akanyoosha mkono. Bajaji ikasimama, Mungu ambariki yule kijana. Wakaanza kuvuka. Hiace iliyokuwa nyuma ya bajaji haikutaka kusubiri, ikachomoka kulia ipite. Nilisikia mlio wa breki, halafu kidumu cha njano, vile vya mafuta ya kula vya lita tatu, kikaja kikibiringika mpaka kwenye ngazi yangu, maji yanatoka glo glo glo. Nilikiokota kabla sijajua naokota nini.

Mtoto ni wa darasa la pili. Yuko hai. Paja limevunjika, amefungwa hogo kuanzia kiunoni. Dereva hakukimbia, alimbeba yeye mwenyewe mpaka hospitali, hilo nalisema ili haki itendeke. Alikuwa anafukuzia hesabu ya bosi. Tipa za mchanga nazo ni hivyo hivyo, zinaanza saa 11 alfajiri na dereva analipwa kwa tripu. Najua wapo mtakaosema tatizo ni madereva. Sawa, hata anayejifunza gari wiki ya kwanza anaambiwa mwenzako akisimama kwenye zebra humpiti. Zebra yenyewe iko wapi sasa?

Sheria inasema kwenye makazi mwisho kilomita 50 kwa saa. Hapa 50 ni ya mgonjwa. Gari la kilomita 60 kwa saa linakula karibu mita 17 kila sekunde. Dereva akishtuka, sekunde moja inapita mguu haujafika kwenye breki, yaani mita 17 zimekwenda na gari halijaanza kupunguza. Nimepima kwa hatua kutoka geti la shule mpaka ukingo wa lami: hatua tisa. Mkipunguza huo mwendo mpaka 30, sekunde hiyo hiyo inakula mita 8 tu, na umbali wa breki zenyewe unabaki robo. Ndiyo maana tunalilia matuta. Kibao peke yake hakimsimamishi mtu anayefukuzia tripu, tuta linamsimamisha.

Sasa njooni kwenye barua. Tuliiandika kwenye mkutano wa mtaa, majina 140 na sahihi, mwenyekiti akagonga muhuri, ikapita kwa mtendaji wa kata, ikaenda juu. Nakala ninayo hapa, ina muhuri wa IMEPOKELEWA na tarehe. Miezi 19. Nimekwenda mara nne. Mara ya kwanza: faili halionekani. Mara ya pili: limeonekana, lakini barabara hiyo si yetu, nenda ofisi ile nyingine. Ile nyingine: si yetu pia, sisi tunaishia kwenye makutano. (Shule iko mita chache baada ya makutano. Kwa hiyo mtoto akigongwa anagongwa katikati ya ofisi mbili.) Mara ya nne nikaambiwa liko kwenye mchakato, tusubiri bajeti, Julai. Julai ilipita, wakuu. Zote mbili.

Mwezi wa tatu vijana wa kijiwe cha boda wakachoka. Wakachanga, wakanunua toroli kadhaa za kifusi, usiku wakashindilia tuta. Asubuhi ilikuwa raha, gari zote zinanyenyekea. Kesho yake saa 4 likaja greda, gari la ofisi na maofisa watatu na viatu vyao visafi. Kufikia mchana hakuna tuta, na mwenyekiti kapewa onyo la kuharibu miundombinu.

Kwa kuliondoa walikuwa na haki, sibishi. Tuta lisilo na alama ni mtego, na usiku ule ule lilimrusha mwenye pikipiki. Ila nataka mtu anieleze: siku ile barabara ilikuwa ya nani? Mafuta ya greda yalitoka bajeti gani? Faili lilionekana saa ngapi?

Na msituambie haiwezekani. Hapa hapa Dar kuna mradi wa usalama wa barabarani kuzunguka shule, unaitwa SARSAI, unaendeshwa na shirika la Amend. Mwaka 2019 ulichukua tuzo ya kimataifa ya miji, ile ya WRI Ross. Si kwa kujenga madaraja ya angani. Ni matuta, vijia vya waendao kwa miguu, vinguzo vya kuzuia magari, alama, na penye haja geti la shule linahamishwa litazame upande salama. Vitu ambavyo fundi wa mtaani anavielewa.

Tunachotaka ni matuta mawili yaliyopakwa rangi, rasta (vile vituta vidogo vidogo vya kutikisa gari) kabla ya kufika, zebra kwa rangi ambayo haiogopi mvua, na kijia cha watoto upande wa shule badala ya kutembea juu ya mfereji. Taa moja mkitujalia, maana wanavuka gizani.

Mliomo humu mnaofanya kazi halmashauri yoyote, naombeni kujua kitu kimoja: barabara ikikataliwa na ofisi mbili, nani ana kauli ya mwisho? Nikimuona mkurugenzi nimuombe nini hasa, kwa maandishi? Diwani simu yangu hapokei tangu Jumatano.

Na msiniulize kwa nini hatuweki tuta wenyewe. Jana jioni nilipita kijiweni nikakuta wanachanga tena. Safari hii wameshapata bei ya saruji, na mmoja anaulizia rangi nyeupe inauzwaje.