Bima za safari Dodoma: mnatuuzia karatasi ya viza, mtu akiumia mnamruka

Wakuu, salaam. Nina hasira na sitaificha.

Mdogo wangu anafundisha kaiti, ule mchezo wa kuteleza baharini ukivutwa na tiara, kule Paje, Zanzibar. Wageni wake wa Finland walimwalika mwezi wa pili akajaribu mchezo wao wa baridi: unasimama kwenye ubao wenye tanga, chini umefungwa vyuma vya kutelezea, upepo unakusukuma juu ya ziwa lililoganda. Barafu haikushiki kama maji, kwa hiyo unakimbia kuliko baharini, na ukianguka ni kama umeangukia zege.

Bima tulikata kwa wakala hapa mjini, si mbali na Nyerere Square. Nilikuwepo. Dogo alimwonyesha video ya mchezo wenyewe kwenye simu, na jioni akamtumia picha ya ubao WhatsApp akiuliza kama nao unaingia kwenye bima. Jibu ninalo mpaka leo: "Usijali bro, Ulaya yote iko ndani." Tukalipa. Mkataba, makurasa ya Kiingereza kitupu, ukaja kwa barua pepe hela ikiwa imeshaingia.

Akaanguka, kifundo cha mkono kikavunjika. Eksirei, upasuaji, bili juu ya bili. Tukapeleka dai na risiti zote. Majibu ya kampuni ya bima: michezo ya barafu haimo kwenye kinga, mlitakiwa kulipia nyongeza ya michezo ya baridi.

Nyongeza! Kumbe ipo na inauzwa! Sasa mtu aliyeangalia video mpaka mwisho alishindwa nini kuitaja?

Ujanja wa hawa wa bima ndio huu. Viza ya Schengen, ile moja ya nchi nyingi za Ulaya, Finland ikiwemo, inataka bima ya matibabu isiyopungua Euro 30,000, pamoja na gharama za kukurudisha nyumbani ukiugua au ukifa. Wakala anajua ubalozini wataangalia kiasi, tarehe na nchi, basi na yeye anakuuliza hayo hayo: unaondoka lini, unarudi lini, lete pasipoti. Unakwenda kufanya nini huko, haimhusu. Ile Euro 30,000 imekolezwa wino ukurasa wa kwanza. Yale wasiyolipa yamerundikwa huko nyuma kwa herufi za kuumiza macho.

Na asitokee mtu hapa kuniambia "ungesoma mkataba". Ningesomaje mkataba ambao sijapewa? Halafu tuelewane: dalali wa bima anamwakilisha mteja, wakala anaiwakilisha kampuni. Alichoambiwa wakala, kampuni imeambiwa. Leo wananijibu "hayo mliongea na wakala". Kamisheni yake analipwa na nani?

Nataka dai la dogo lilipwe lote. Barua ya malalamiko nimeshaandika, na picha za zile meseji nimeambatanisha. TIRA, mamlaka inayosimamia bima nchini, makao makuu yao yako hapa hapa Dodoma, naipeleka kwa mkono wangu. Wakinizungusha, kuna Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, ofisi iliyowekwa na Sheria ya Bima ya mwaka 2009. Nitafika na huko.

Wenye vijana wanaosafiri msimu huu wa baridi, msitoe hela kabla kampuni yenyewe haijawaandikia jina la mchezo na neno "unalipwa". Na mwenye barua ya kukataliwa kama yangu aiweke hapa, afute majina na namba ya pasipoti kwanza. Nataka niende nazo zote kwa pamoja.