Tupeane uzoefu: kwenu kazi ya manesi inapimwaje mpaka ikama (idadi ya watumishi wanaotakiwa) inapatikana?

Wadau habari zenu, mliowahi kukaa kwenye zoezi la WISN, ile njia ya WHO ya kupanga watumishi kwa mzigo wa kazi, njooni tuambiane ilikuwaje. Mimi nipo leba. Kwetu mwanzo ulienda vizuri, siku 260 za kazi kwa mwaka toa likizo siku 28, toa sikukuu, kuumwa na semina, kinachobaki ndo muda wa nesi. Ubishi ukaja kwenye dakika za kila kazi. Mwongozo unataka dakika za kuifanya kwa kiwango, wenzetu wakawa wanaandika zile tunazotumia tukiwa tunakimbizana! Jamani, mama akiwa kwenye uchungu kamili mapigo ya mtoto yanasikilizwa kila nusu saa, wakiwa watano na mkunga mmoja hiyo ni mara kumi kwa saa, bado presha, bado dripu, bado anayesukuma ambaye huwezi kumwacha, na bado patografu, ile chati ya kufuatilia uchungu, inakusubiri uijaze. Ukiandika dakika za kukimbizana umeshasema tunatosha.

Mdau wa wodi ya watoto:
Umenena dada. Kwetu kilichotuumiza ni rejesta, maana idadi ya kazi inahesabiwa kutoka humo. Kupeleka sampuli maabara, kumsukuma mgonjwa eksirei, kuzunguka wodi za jirani unatafuta mtungi wa oksijeni, kumtuliza mama aliyefiwa, wapi panaandikwa? WISN ina nafasi ya kazi za ziada ila usipozisema hamna atakayekusemea. Inchaji wetu akaweka daftari kaunta, kila zamu tunaandika tulichofanya na muda, tulivyolipeleka kwenye kikao hamna aliyebisha tena.

Mdau wa zahanati:
Huku kijijini ni kinyume. Uwiano wa watumishi waliopo kwa wanaotakiwa ukiwa chini ya 1 una upungufu, ukizidi 1 mnaonekana wengi. Sisi wagonjwa wachache basi tukaonekana wengi, wakati usiku lazima mtu awepo hata asipokuja mgonjwa, na akija ni mjamzito anatoka damu saa nane usiku. Nashauri sana, kabla ya kuhamisha mtu zahanati waangalie kwanza idadi ya chini ya kuzungusha zamu, hesabu ya wagonjwa ije baadaye.

Mleta mada:
Hilo la zamu nalibeba kwa matroni wiki hii. Wa ICU na thieta mbona kimya, nyie dakika za kuandaa na kusafisha vifaa mliziweka wapi?