Naomba ushauri: kanuni za vita vya vyombo vya anga vilivyojengwa kwa matofali ya LEGO

Nahodha wa Mezani

Habari zenu, wakuu. Ninatunga mchezo wa mezani ambao ninaucheza na wapwa zangu wawili, mmoja wa miaka 9 na mwingine wa miaka 14, kwa kutumia vyombo vya anga tunavyovijenga wenyewe kwa matofali ya LEGO, yale ya plastiki ya kuchezea yanayoshikana kwa vinundu vilivyo juu yake. Kila mchezaji ana vyombo vitatu au vinne. Zamu yake ikifika husogeza kila chombo hadi sm 20 kwa kupima na rula, kisha chombo hicho hufyatua mizinga kwa kurusha dadu tatu, na kila dadu inayoonyesha 5 au 6 huhesabiwa kuwa pigo. Kila pigo linang'oa tofali moja kutoka kwenye chombo cha adui.

Ninachokipenda kuliko vyote, na ambacho sitaki kipotee, ni kwamba uharibifu unaonekana kwa macho. Hakuna karatasi ya kujazia alama. Chombo chenyewe ndicho kinachokuambia hali yake. Hata hivyo, mambo matatu yanatukwamisha. Anayeanza kupiga hushinda mara nyingi mno. Mpwa mkubwa naye amegundua kwamba akijenga chombo kwa vipande vidogo vya kinundu kimoja kimoja, hakimaliziki. Tatu, mwendo wa vyombo unafanana na wa magari barabarani: kinakwenda, kinasimama papo hapo, kinageuka, na mimi sioni anga humo.

Hesabu Kwanza

Ndugu Nahodha, la kwanza lina dawa. Kwa kanuni yako, dadu tatu hutoa wastani wa pigo moja, kwa hiyo mwenye vyombo vinne akianza, anang'oa takribani matofali manne kabla mwenzake hajashika dadu. Fanyeni ufyatuaji uwe wa wakati mmoja: pande zote mbili zirushe dadu, tofali lililopigwa liwekewe alama, na yote yang'olewe pale tu kila chombo kitakapokuwa kimekwisha kufyatua. Katika kusogeza, pokezaneni chombo kimoja kimoja.

Kuna jambo la pili ambalo naliona zito zaidi, nalo ni idadi ya vyombo. Mhandisi Mwingereza Frederick Lanchester alionyesha mwaka 1916 kwamba pale wapiganaji wanapoweza kuelekeza silaha zao zote kwenye shabaha moja, nguvu ya kundi hukua kwa kipeo cha pili cha idadi yake. Vyombo vinne dhidi ya vitatu vinavyolingana ni 16 dhidi ya 9. Tofauti ni 7, na kipeuo chake cha pili ni takribani 2.6. Maana yake mwenye vinne anaweza kuwafagia wapinzani wote akiwa bado na zaidi ya nusu ya kundi lake. Ukitaka kumsaidia mdogo, mwongezee tofali katika kila chombo, usimwongezee chombo.

Kete Tatu

Kuhusu vipande vidogo, acheni kuhesabu matofali yote. Kabla ya mchezo, kila chombo kipewe viungo vinavyohesabiwa, tuseme sita, vyenye rangi zilizokubaliwa: nyekundu kwa mzinga, njano kwa injini, buluu kwa ngao. Mwili uliobaki ujengwe kwa umbo lolote na kwa vipande vyovyote, kwa kuwa hauongezi uhai. Kila mzinga uwe na dadu yake, ili ukiondoka, dadu nayo iondoke.

Linalobaki ni kuamua kiungo kipi king'oke. Mpigaji akichagua, ataanza na mizinga kila mara. Mpigwaji akichagua, ataitunza mizinga hadi dakika ya mwisho. Mimi ningeamuru king'oke kiungo kilicho karibu zaidi na chombo kinachopiga, na viwili vikilingana, mwenye chombo achague. Hapo ujenzi wenyewe unakuwa mbinu: anayeweka ngao mbele na injini nyuma atalazimika kuulinda mgongo wake, na adui atahangaika kumzunguka.

Mwalimu wa Fizikia

Anga utaipata ukiheshimu kanuni ambayo Newton aliieleza mwaka 1687: kitu kinachokwenda huendelea kwenda vilevile mpaka nguvu ikibadilishe. Chukua kipande kidogo cha duara kinachopitisha mwanga. Ikiwa chombo kilikwenda sm 12 katika zamu iliyopita, kiweke kipande hicho sm 12 mbele yake, kwenye mstari uleule. Kila injini inakuruhusu kukisogeza sm 3 upande wowote, kisha chombo kinahamia kilipo kipande. Mwenye injini mbili anayekwenda kwa sm 12 atahitaji zamu mbili kusimama, na akipoteza injini moja atahitaji nne. Chombo kielekezwe popote mwenyewe anapotaka, hata kama kinaelea kinyumenyume.

Mama wa Wawili

Kwa mtoto wa miaka 9 hilo linaweza kuwa gumu mwanzoni, Mwalimu. Ningeanza na chombo kimoja kimoja kwa kila mchezaji mpaka mkono uzoee. Rula nayo iwekeni kando: vinundu vya LEGO vimepishana mm 8, hivyo fimbo ya vinundu 15 ina sm 12 kamili, na mtoto huhesabu vinundu haraka kuliko kusoma milimita.

Nahodha wa Mezani

Nawashukuru sana. Ufyatuaji wa pamoja, kiungo cha karibu na kipande cha duara nitavitumia vyote, na fimbo ya vinundu nimekwisha kuiunganisha. Swali limebaki moja: ikiwa kiungo kilichong'olewa ndicho kilichoshikilia bawa zima lenye mizinga miwili, je, bawa lote limepotea?

Kete Tatu

Limepotea, pamoja na mizinga yake. Anayetegemeza bawa kwa tofali moja amelichagua hilo mwenyewe alipokuwa akijenga. Bawa libaki mezani kama kizuizi cha kujificha nyuma yake.

Mwalimu wa Fizikia

Libaki, lakini lisisimame. Lipewe nalo kipande cha duara, liendelee kwa mwendo lililokuwa nao chombo kilipovunjika, mpaka litoke mezani au ligongwe na mtu.