Miezi tisa, maktaba wanafuata nini?

MamaPacha, Arua: Jamani, dada yangu anataka niwapeleke pacha wangu maktaba wakacheze. Wana miezi tisa! Kitabu kwao ni chakula.

MzeeMkutubi, Masaka: Waache watafune, binti yangu. Mkutubi anayejua kazi huwapa vitabu vya kitambaa au vya kadi ngumu, anatandika mkeka, mnaimba, mnapiga makofi, mnajifunika uso kwa leso na kujifunua. Kopo la mahindi lililozibwa vizuri ndilo kayamba. Nusu saa basi, zaidi ya hapo ni vilio. Uingereza walianza mpango wa Bookstart mwaka 1992, Birmingham, wakiwagawia wachanga vitabu. Hawakungoja wajue kusoma.

MamaPacha: Na lugha, mzee? Mimi naongea nao Kiswahili, bibi yao Kilugbara.

MzeeMkutubi: Zote. Tena njoo na bibi, nyimbo za kubembeleza anazo yeye kuliko rafu yoyote.

Shangazi_Bwera: Mdogo wangu, uliza kwanza siku ya watoto ni ipi. Mimi na mjukuu tulizuiwa mlangoni na mlinzi, eti wanafunzi wanasoma kwa ajili ya mtihani. Mtoto alikuwa amelala!